Uzi: Kuovakloki prosesa na RAM ya kompyuta ya mezani, na namna ya kuthibitisha kwamba mashine ni thabiti

Mleta uzi:

Wakuu, heshima kwenu nyote. Kuovakloki ni kuendesha prosesa au RAM kwa kasi kubwa kuliko ile iliyopangiwa. Swali la "umefikisha gigahezi ngapi" hujibiwa kila siku na kwa furaha, lakini swali linalopaswa kufuata, yaani umejuaje kwamba mashine yako inakokotoa sawasawa katika kasi hiyo, huachwa lipite. Mimi nililiacha lipite kwa miezi miwili, na hasara yake haikurudi.

Nilikuwa na vijiti viwili vya DDR4 vilivyoandikwa 3600. Nikavipandisha hadi 4000, nikabana taimingi (muda ambao RAM husubiri kati ya hatua zake), nikaendesha jaribio la RAM kwa dakika 20, na kwa kuwa halikuonesha kosa lolote nikaridhika. Michezo ilikwenda vizuri na hakuna siku ambayo skrini ya bluu ilitokea. Katika kipindi hicho nilihamisha picha za familia za miaka mingi kutoka diski ya zamani kwenda diski mpya, kisha nikaifuta ile ya zamani ili niitumie kwa kazi nyingine. Wiki kadhaa baadaye nilifungua albamu nikakuta baadhi ya picha zina nusu ya chini ya rangi ya kijivu, nyingine zina mistari iliyokatiza uso wa mtu, na mafaili mawili yaliyobanwa yanakataa kufunguka kabisa. Diski zote mbili nilizipima na zote zilikuwa nzima. Kila faili linalonakiliwa hupita kwanza ndani ya RAM, na biti moja ikigeuka humo kutoka 0 kuwa 1, kompyuta isiyotumia RAM ya ECC (ile inayojikagua makosa) haina namna ya kulitambua kosa hilo. Huliandika kwenye diski kama inavyoandika kitu kingine chochote.

Ndipo nilipofikia msimamo ninaousimamia hadi leo: RAM iliyosukumwa kupita uwezo wake ni ya kuogopwa kuliko prosesa iliyosukumwa kupita uwezo wake. Prosesa ikizidiwa, mara nyingi huonekana, kwa sababu mashine huganda, hujiwasha upya, au huleta skrini ya bluu. RAM ikizidiwa kidogo tu, hunyamaza. Kwa hiyo uzi huu nitauanza na prosesa, lakini nitakaa zaidi kwenye RAM.

Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili, saa ya msingi ambayo kwa kawaida ni megahezi 100, na kizidishi. Kizidishi cha 50 kinatoa megahezi 5000, yaani gigahezi 5. Zamani watu walipandisha saa ya msingi yenyewe, na wakubwa wenzangu wataikumbuka Celeron 300A ya mwaka 1998, ambayo ilitoka kiwandani na megahezi 300 lakini ukiibadilishia basi ya mfumo kutoka megahezi 66 kwenda 100 ilifika 450, ongezeko la asilimia 50 bila kulipia chochote. Leo jambo hilo halipo tena. Watengenezaji wenyewe wamejifunza kuitumia akiba iliyokuwa imeachwa, na prosesa ya sasa hujipandisha yenyewe kadiri joto na umeme vinavyoruhusu. Ukitoka kwenye kizidishi cha 47 kwenda cha 50 kwa viini vyote umepata asilimia 6 na kidogo, na hicho ndicho kiasi ambacho mtu anapaswa kukitegemea, si zaidi.

Si kila prosesa inafunguka. Kwa Intel unahitaji iliyo na herufi K mwishoni pamoja na mazabodi yenye chipseti ya familia ya Z, ingawa tangu B560 hata chipseti za B zinaruhusu kupandisha RAM. Kwa AMD, karibu Ryzen zote za mezani zinafunguka kwenye chipseti za B na X, ila za A hazikubali kugusa kizidishi cha prosesa. Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 ilifungwa kizidishi kwa makusudi, ilhali 9800X3D ya mwaka 2024 ikaachwa wazi.

Sasa gharama yake. Umeme unaoliwa na saketi za prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volteji. Chukua prosesa inayofanya kazi kwa volti 1.20, uipandishe hadi 1.32, yaani asilimia 10, na kasi nayo uiongeze asilimia 10. Kuzidisha 1.1 mara tatu kunatoa 1.331, kwa hiyo umeongeza joto kwa theluthi moja ili upate sehemu moja ya kumi ya kasi. Kwenye mashine yangu, kizidishi cha 51 kilitulia kwa volti 1.30, lakini cha 52 kilidai 1.38, na joto likapanda hadi nyuzi 97 wakati kikomo cha prosesa hiyo ni nyuzi 100. Hatua moja ya mwisho ilidai volti nyingi kuliko hatua tatu zilizotangulia zikijumlishwa. Ukiona mruko wa namna hiyo, umefika ukingoni mwa chipu yako, na hakuna haja ya kubishana nayo. Nilirudi kwenye 50.

Utaratibu wangu ni huu. Kwanza RAM naiacha kwenye mipangilio ya kiwandani, bila XMP (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya vijiti), ili kosa likitokea nijue limetoka kwenye prosesa. Napanga volteji moja ninayoweza kuipoza, kisha napandisha kizidishi hatua moja moja, na kila hatua naijaribu kwa dakika 15 hivi kwa programu nzito kama Cinebench. Ikianguka narudi hatua moja, halafu ndipo naanza majaribio marefu. Prime95 kwa mpangilio wa small FFTs hupima joto na uthabiti wa viini, OCCT hunasa makosa ya hesabu hata kabla mashine haijaanguka, na y-cruncher ina tabia ya kuangusha mipangilio iliyofaulu kwingine kote. Wakati wote huo HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, iwe wazi pembeni, na jicho lako liwe kwenye mstari wa makosa ya WHEA. Hayo ni makosa ambayo maunzi yenyewe yameyatambua na pengine kuyasahihisha. Mashine iliyomaliza jaribio la saa sita ikiwa na WHEA tatu haijafaulu, hata kama haikuzimika.

Jambo moja ambalo huwasumbua wengi ni Load-Line Calibration (LLC). Prosesa inapobeba mzigo, volteji inayoifikia hushuka chini ya ile uliyoiandika kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi), na kushuka huko kumekusudiwa. Ukiweka LLC kwenye ngazi ya juu kabisa ili mstari unyooke, mzigo unapoachiwa ghafla volteji huruka juu kwa muda mfupi ambao programu ya kawaida haiwezi kuuonesha. Ngazi ya katikati inatosha, na ni afadhali uandike volteji ya juu kidogo iliyo na mteremko kuliko ya chini iliyonyooshwa kwa nguvu.

Tuje kwenye RAM, ambako ndiko faida na hatari vilipo kwa wingi.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. DDR hupeleka data mara mbili katika kila pigo la saa, hivyo RAM ya 3600 ina saa halisi ya megahezi 1800. Taimingi nazo huhesabiwa kwa mapigo ya saa, si kwa muda, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ili kupata muda halisi wa CL (taimingi ya kusubiri data) kwa nanosekunde, zidisha CL kwa 2000 kisha gawanya kwa kasi iliyoandikwa. RAM ya 3200 yenye CL16 inatoa nanosekunde 10, na ya 3600 yenye CL18 inatoa 10 vilevile, na hata DDR5 ya 6000 yenye CL30 inatoa 10. Ya 3600 yenye CL16 inatoa 8.9 na ndiyo inayoitikia upesi zaidi kati ya hizo, ingawa ile DDR5 inasomba data nyingi zaidi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukipandisha kasi huku umelegeza CL kwa uwiano uleule, umeongeza upana wa barabara bila kufupisha safari.

Pili, RAM haifanyi kazi peke yake. Kidhibiti chake kimo ndani ya prosesa, na uwezo wake hutofautiana kati ya chipu na chipu hata zikiwa za jina moja. Kwenye Ryzen za mfululizo wa 3000 na 5000, basi ya ndani inayoitwa Infinity Fabric hufanya vizuri inapokwenda sawa na saa ya RAM, na prosesa nyingi hukomea megahezi 1800 au 1900, ndiyo maana 3600 ikawa namba iliyopendwa. Ukiivuka bila basi hiyo kukufuata, mfumo huachanisha saa hizo mbili na unapoteza zaidi ya ulichopata. Kwenye Ryzen 7000, mahali pazuri ni 6000, kidhibiti kikienda sawa na RAM kwa megahezi 3000 huku Infinity Fabric ikibaki karibu na 2000.

Volteji ya kawaida ya DDR4 ni volti 1.2, na vijiti vingi vya XMP hudai 1.35. DDR5 huanza na 1.1, na vijiti vyake vya kasi huwa kati ya 1.25 na 1.40. Lakini iliyo nyeti zaidi ni volteji ya kidhibiti, ile inayoitwa SoC kwenye AMD. Mwaka 2023, baada ya baadhi ya Ryzen 7000 kuungua ndani ya soketi, AMD iliweka kikomo cha volti 1.30 kwa SoC kupitia BIOS mpya. Anayetumia prosesa za familia hiyo na hajawahi kusasisha BIOS aanze na hilo kabla ya kugusa chochote.

Majaribio ya RAM ndiyo yanayodai subira. Naanza na MemTest86 kutoka kwenye flashi, nje ya mfumo endeshi, kwa sababu mpangilio ulio mbovu sana haufai kabisa kuruhusiwa kuiwasha Windows. Mafaili ya mfumo yanaweza kuharibika katika dakika za kwanza tu. Raundi nne zikipita bila kosa hata moja, naingia ndani ya mfumo na kuendesha TestMem5 au Karhu kwa saa kadhaa, kisha Prime95 kwa large FFTs ambayo huchosha kidhibiti na RAM kwa pamoja. Hakuna kosa moja linalosamehewa. Wapo wanaosema kosa moja kwa saa nane si kitu, na mimi nawaambia kwamba picha zangu ziliharibika kwa kiwango kidogo kuliko hicho.

Kuna mitego miwili ambayo hakuna aliyenieleza mapema. Wa kwanza ni joto. RAM huhifadhi kila biti kama chaji ndani ya kapasita ndogo inayovuja, na inapopata joto huvuja haraka zaidi, hivyo lazima iburudishwe mara kwa mara. Vipindi vya kuburudisha ndivyo vinavyopangwa na tREFI, na muda wa kila kuburudisha ni tRFC. Unapoendesha jaribio la RAM peke yake, kadi ya michoro imelala na kasha limepoa, vijiti viko nyuzi 42. Ukianza mchezo, kadi inapuliza joto lake moja kwa moja juu ya vijiti, vinafika nyuzi 55, na mpangilio uliofaulu usiku kucha unaanguka ndani ya nusu saa. Kwa hiyo jaribu RAM huku kadi ya michoro nayo imebebeshwa mzigo. Vijiti vyenye chipu za B-die za Samsung, ambavyo ndivyo vinavyobanika kuliko vyote kwenye DDR4, vinajulikana kwa kuathiriwa na joto pale tRFC inapobanwa sana.

Mtego wa pili ni mafunzo ya RAM. Kila mashine inapowaka kutoka kwenye baridi, BIOS hupima nyaya kati ya prosesa na vijiti na kuchagua yenyewe mipangilio midogo ambayo wewe hukuiandika. Leo inaweza kuchagua vizuri, kesho ikachagua vibaya kidogo. Mpangilio ukifaulu, zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme kwa dakika kadhaa, iwashe, ujaribu tena. Nafanya hivyo mara tatu, siku tatu tofauti, kabla ya kuuamini.

Prosesa ikishathibitishwa peke yake na RAM ikathibitishwa peke yake, ziunganishe na ujaribu upya, kwa maana RAM ya kasi huongeza joto na kazi ya kidhibiti ndani ya prosesa, na ile volteji iliyotosha jana huenda isitoshe leo. Na katika kipindi chote hiki, mafaili yako ya thamani yawe kwenye diski ambayo haijachomekwa. Ukinakili kitu kikubwa, linganisha jumla ya uhakiki ya SHA-256 ya asili na ya nakala kabla ya kufuta chochote, na ulinganisho huo ufanyie kwenye kompyuta nyingine ikiwezekana.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi sijawahi kujiona kama mtu wa kuovakloki. Nilichofanya ni kuingia BIOS na kuwasha XMP, kwa sababu kwenye boksi imeandikwa 3600 na bila XMP mashine inaonesha 2133. Je, hata mimi nahitaji majaribio hayo yote, au ile namba ya kwenye boksi ni dhamana tosha?

Mleta uzi:

Mkuu, XMP ni ovakloki, hata kama imefungwa kwenye kitufe kimoja. Intel iliileta mwaka 2007 katika zama za DDR3, na AMD ikaleta EXPO mwaka 2022 pamoja na Ryzen 7000. Namba ya kwenye boksi inamaanisha kwamba muuzaji wa vijiti amevijaribu katika kasi hiyo kwenye mashine zake, na vijiti vyenyewe vinaiweza. Haisemi lolote kuhusu kidhibiti kilicho ndani ya prosesa yako, wala mazabodi yako. Kwa 3600 ya vijiti viwili uwezekano wa tatizo ni mdogo, lakini raundi nne za MemTest86 ni usiku mmoja tu ukiwa umelala. Nakusihi uzifanye.

Mchangiaji wa pili:

Nakubaliana na mengi ila napinga sehemu ya prosesa. Kupandisha kizidishi kwa viini vyote ni mtindo wa zamani. Ukiweka 50 kwa viini vyote, unapoteza kiini kimoja kilichokuwa na uwezo wa kujipandisha chenyewe hadi 53 kwa kazi nyepesi. Njia ya sasa ni kupunguza volteji. Mimi natumia Ryzen 5000, nimewasha Precision Boost Overdrive (inayoiruhusu prosesa kujipandisha zaidi), nikaweka Curve Optimizer (kipunguza volteji cha kila kiini) hasi 30 kwa viini vyote, joto likashuka nyuzi 8 na alama za Cinebench zikapanda. Prime95 ilikwenda saa sita bila kosa. Sijaongeza hata milivolti moja.

Mleta uzi:

Hoja yako kuhusu kiini kimoja nimeipokea, na kwa Ryzen nakubali kwamba njia yako ni bora kuliko ya kizidishi. Nilikosea kuieleza kana kwamba mashine zote ni kama yangu.

Lakini naomba ujibu swali hili: je, mashine yako hujiwasha upya wakati huifanyii kazi yoyote, mathalani ukiwa unasoma ukurasa wa intaneti? Nauliza kwa sababu kila hatua ya Curve Optimizer huondoa takribani milivolti 3 hadi 5, kwa hiyo hasi 30 ni punguzo la kati ya milivolti 90 na 150. Prime95 ya viini vyote hushusha kasi, na kwenye kasi ya chini punguzo hilo halionekani. Kiini hufika kileleni pale kinapofanya kazi peke yake kwa muda mfupi, na huko ndiko kinakokosa volteji. Jaribio zito halifiki huko kamwe. Tumia CoreCycler, ambayo hubebesha mzigo kiini kimoja baada ya kingine, uiache usiku.

Mchangiaji wa pili:

Nimerudi na majibu. Kweli mashine ilikuwa imejiwasha upya mara mbili mwezi huu ikiwa imetulia, nami nikaulaumu umeme. CoreCycler imeangusha kiini namba 3 katika dakika ya nne na namba 0 baada ya saa moja hivi. Viwili hivyo ndivyo vilivyotiwa alama na BIOS kuwa bora kuliko vyote, jambo ambalo limenishangaza.

Mleta uzi:

Halishangazi ukilitazama kwa undani. Viini bora kiwanda tayari kimevipangia volteji ndogo na kasi kubwa, kwa hiyo akiba ya kupunguza ni finyu. Vilivyo dhaifu vimewekewa volteji ya ziada, na hivyo ndivyo vinavyovumilia hasi 30. Anza na hasi 10 kwa hivyo viwili, vingine viache hasi 20 hadi 30, na kila kiini kinachoanguka ukirudishe hatua tatu tatu.

Mchangiaji wa tatu:

Habari wakuu. Mimi nina Ryzen 7000 na vijiti vinne vya DDR5, kila kimoja GB 16, nilinunua seti mbili zinazofanana za 6000. Kila nikiwasha EXPO, skrini inabaki nyeusi na feni zinazunguka tu. Nimezima kwa kitufe mara nyingi na sasa haiwaki hata bila EXPO. Nimeharibu kitu?

Mleta uzi:

Pole mkuu, na usiwe na hofu kubwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna kilichoharibika. Mafunzo ya DDR5 yanaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, hasa kwa vijiti vinne, na kila unapokata umeme katikati unaanzisha kazi upya. Zima kabisa, chomoa waya, futa CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) kwa kuunganisha pini zake au kwa kuitoa ile betri ya CR2032 kwa dakika chache. Kisha weka vijiti viwili tu, kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, washa, na usiiguse kwa dakika 15.

Kuhusu vinne, AMD yenyewe kwa Ryzen 7000 inataja 5200 kwa vijiti viwili, na 3600 tu kwa vinne. Sloti mbili zinagawana nyaya zilezile, na kila kijiti kinachoongezeka huchafua mawimbi yanayopita humo. Seti mbili zinazofanana kwenye boksi pia hazikujaribiwa pamoja. Kufikisha 6000 kwa vinne ni bahati ya chipu. Kama kazi yako haihitaji GB 64, baki na viwili. Kama inahitaji, ni afadhali vijiti viwili vya GB 32.

Mchangiaji wa nne:

Naomba kuongeza jambo ambalo halijaguswa, nalo ni uzee. Prosesa yangu ilikaa kwa volti 1.40 miaka mitatu bila kasoro, kisha mpangilio uleule ukaanza kuanguka. Nilibadilisha pawa saplai, nikapaka pasta mpya ya joto, nikasafisha feni, na hakuna lililosaidia mpaka niliposhusha kasi kwa megahezi 100. Mkondo mkubwa wa umeme pamoja na joto husogeza atomi za metali ndani ya nyaya nyembamba za chipu, na volteji kubwa huzichosha transista, hivyo chipu huanza kudai volti zaidi kwa kazi ileile. Si jambo la wanaoovakloki peke yao. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipata volteji iliyozidi na kupoteza uthabiti, ikatoa microcode (programu ndogo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti ili kuzuia maombi yanayozidi volti 1.55, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Kwa hiyo ukishathibitisha mashine yako, acha nafasi. Ikitulia kwenye 51, itumie kwenye 50.

Mleta uzi:

Naunga mkono, na ndiyo sababu nyingine ya mimi kubaki kwenye 50. Nami hurudia majaribio mafupi kila baada ya miezi sita, na kila mara ninaposasisha BIOS, kwa kuwa BIOS mpya inaweza kubadilisha mafunzo ya RAM bila kuniarifu.

Mchangiaji wa tatu:

Wakuu, mrejesho. Nilifuta CMOS, nikaweka vijiti viwili kwenye sloti ya pili na ya nne, nikasubiri. Dakika ya sita skrini iliwaka. Nilisasisha BIOS kwanza, nikawasha EXPO, na 6000 CL30 imepita raundi nne za MemTest86. Kisha nikaendesha TestMem5 huku kadi ya michoro ikiwa na mzigo. Vijiti vilifika nyuzi 61 na kosa moja likatokea baada ya saa mbili. Volteji ya SoC inasoma 1.25. Nishushe kasi au niongeze volteji?

Mleta uzi:

Usiongeze bado. Bila mzigo wa kadi vijiti vilikuwa nyuzi ngapi?

Mchangiaji wa tatu:

Nyuzi 47, na hapakuwa na kosa lolote.

Mleta uzi:

Basi tatizo ni joto. Weka feni moja ndogo inayopuliza moja kwa moja juu ya vijiti, na kama kwenye BIOS tREFI imepandishwa, irudishe kwenye auto. Rudia jaribio lilelile, kwa muda uleule, kadi ikiwa na mzigo uleule, usibadilishe kingine chochote.

Mchangiaji wa tatu:

Feni imewekwa, tREFI imerudi auto. Vijiti vimeishia nyuzi 50. Saa nane, makosa 0. Nimezima na kuchomoa waya, kesho asubuhi nawasha kutoka kwenye baridi na kuanza tena, na picha zangu bado ziko kwenye diski iliyo kabatini.